Mama wa kwenye filamu: siku yangu moja ya kazi Bengaluru

Saa kumi na nusu alfajiri

Simu inaniamsha giza bado nene. Saa zote nitakazotaja ni za huku. Dar mko nyuma yetu kwa saa mbili na nusu. Naoga, nazipaka nywele mafuta ya nazi na kuzisuka mkia mmoja. Leo naigiza mama wa kijijini, na nywele za saluni zitaniumbua mbele ya kamera.

Kwa asiyenijua: nilizaliwa Upanga, Dar es Salaam, kwa wazazi waliotoka Mangaluru, pwani ya Karnataka, jimbo la kusini mwa India. Tulirudi huku nikiwa binti wa shule. Kazi yangu ni kuigiza filamu za Kikannada. Ndugu na marafiki wa Dar wakisikia filamu za India wanawaza picha la Kihindi, lakini hizo ni za Mumbai. Kikannada kina sinema yake, na filamu yake ya kwanza yenye sauti ilitoka mwaka 1934. Tasnia yetu inaitwa Sandalwood, kwa ajili ya msandali, mti ambao jimbo letu linasifika nao.

Saa kumi na moja na nusu

Gari la kampuni linatupitia wasanii mmoja mmoja, kisha tunashika Mysuru Road kabla foleni ya Bengaluru haijaamka. Tunaelekea kijiji kimoja upande wa Ramanagara. Njiani nasoma mistari yangu kwa sauti ya chini. Ni michache leo, lakini ni ya lafudhi ya Mandya, huko bara, na mimi ni mtu wa pwani. Kikannada cha Mangaluru, masikioni mwa watu wa Mandya, ni kama cha vitabuni. Mama wa shamba akizungumza hivyo, ukumbi mzima utajua kwamba ameletwa na basi.

Saa moja asubuhi

Idli, vada, kahawa ya filta kwenye kikombe cha stili. Kisha nakaa kwa mpambaji wangu. Namwita anna, kaka mkubwa, naye ananiita akka, dada mkubwa, ingawa kiumri yeye ndiye ananizidi. Ananiongezea mvi kwenye mapanja na mikunjo chini ya macho.

Mikunjo hiyo inahitajika kwa sababu nyota wa filamu hii, anayeigiza mwanangu, ananizidi umri. Sisemi kwa uchungu wa juzi. Mwigizaji Pandari Bai alikuwa mke wa Rajkumar katika filamu ya 1954 iliyomfanya Rajkumar kuwa nyota. Baadaye akaja kumwigiza mama yake. Mwanamume hapa anaendelea kupendana na wasichana mpaka miaka sitini. Mwanamke anapewa miaka michache ya mbele, kisha anavalishwa sari ya pamba na kuambiwa alie. Ninayapenda majukumu ya mama, nasema hivyo kwa moyo wangu wote, ila napenda mama mwenye akili na hasira zake. Mwigizaji mwenzetu Umashree alipewa nafasi za kuchekesha kwa miaka mingi kabla ya kupata Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora wa kike. Kipaji kilikuwepo siku zote hizo. Waliochelewa ni waandishi.

Saa tatu

Sini ya leo: mwana amerudi nyumbani baada ya miaka mingi. Mama hamkaripii, hamkumbatii. Anasonga ragi mudde na kumwekea.

Mudde ni ugali wa ulezi, na hapo mtoto wa Upanga anajisikia yuko kwao. Lakini hausongwi kama wetu. Unga unaachwa uchemke katikati ya sufuria kama kilima, kisha mama anaibana sufuria kwa miguu na kuusonga kwa fimbo ya mti mpaka usiwe na donge hata moja. Halafu unafinyangwa mviringo ukiwa moto wa kuunguza. Mlaji anakata tonge, analichovya kwenye mchuzi na kulimeza bila kutafuna.

Nyumba tunayopigia picha ni ya bibi mmoja wa kijiji, tunamwita ajji. Tangu jana nimekaa jikoni kwake. Ananitazama nikifinyanga, ananishika kiganja.

"Lowesha mkono kwanza, mwanangu. Usiuogope. Ukiuogopa utakuunguza."

Anasema vile anavyosema siku zote, akimeza nusu ya silabi, na mimi nameza pamoja naye. Hakuna mwalimu wa lafudhi anayemfikia.

Muongozaji anataka mikono yangu ionekane kuanzia sufuriani hadi kwenye sahani bila kukata. Mudde lazima ufuke moshi, kwa hiyo kila teki, yaani kila tunaporudia kupiga sini, unapikwa upya. Kila teki, kijana wa mwendelezo anakuja na picha kwenye simu yake: bangili zangu za kijani ziko ngapi mkono wa kushoto, mtandio umekaa wapi begani, maua ya mjasmini yamenyauka kiasi gani. Ua likiwa bichi kuliko dakika moja iliyopita, mtazamaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata asipojua ni nini.

Teki iliyokubaliwa ni ile ambayo mwanangu wa filamu, bila kuelekezwa, aliacha tonge mkononi akalitazama. Sikusema mstari wangu. Nilimwongezea mchuzi tu. Muongozaji hakukata, na mstari ule ameufuta kwenye skripti.

Saa saba mchana

Wali wa maziwa mgando, pilipili ya kukaanga, kivuli cha mwembe. Kisha kungoja taa. Kungoja ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii.

Hapa kuna jambo la kusema wazi. Nyota ana gari lake la kupumzikia lenye choo. Sisi wengine, na wasichana wanaokuja kujaza umati, tunategemea nyumba za watu. Kwenye seti moja ya zamani tuliacha kunywa maji mpaka jioni. Leo meneja ameleta choo cha kuhama, na wasichana wamemshukuru kana kwamba amewapa zawadi. Siyo zawadi. Mwaka 2024, baada ya ripoti ya Kamati ya Hema kuhusu wanawake katika sinema ya Kerala, FIRE, jumuiya ya watu wa filamu wanaotetea haki na usawa hapa kwetu, iliiomba serikali ya Karnataka iunde kamati kama ile. Ninaunga mkono ombi hilo kwa jina langu na sura yangu.

Saa moja na nusu usiku

Nimerudi mjini, nimejipangusa mvi, niko kwenye chumba cha kuingiza sauti. Watu wengi hawaijui nusu hii ya riziki yangu. Waigizaji wakuu wa kike wa filamu zetu mara nyingi wanatoka nje ya jimbo, na Kikannada hawakijui. Muongozaji msaidizi anawasomea mstari kutoka pembeni ya kamera, nao wanaurudia. Baadaye msanii kama mimi anaweka sauti.

Ninaangalia midomo. Inapofungwa, lazima niwe na *ma*, *ba* au *pa* mahali hapo hapo. Kwingine naweza kuteleza. Ninavuta pumzi anapovuta, ninameza mate anapomeza. Leo binti analia huku akikimbia, kwa hiyo ninaruka papo hapo mbele ya kipaza sauti, miguu peku ili sakafu isilie. Amefanya kazi nzuri, uso wake haudanganyi hata kidogo. Nami nataka watu wa Hubballi na Shivamogga waamini kwamba amezaliwa mtaa wa pili.

Saa nne usiku

Fundi wa sauti anasema imetosha. Nasaini vocha. Kwenye orodha ya majina ya mwisho wa filamu, wa taa wapo, wa chakula wapo, dereva yupo. Aliyempa mhusika mkuu wa kike sauti kwa saa mbili na zaidi, mara nyingi hayupo. Nimemwomba mtayarishaji aniandike. Amejibu, "Tutaona, madam." Bado kuna sini za mwisho za binti yule ambazo sijaziwekea sauti, na nimemwambia nitazifanya nikishaiona orodha hiyo kwa macho yangu.