Bushi iliyokaza upande mmoja

Bushi ya kwanza niliyomkerezea Mama wa nazi, yaani ile pete ndefu ambamo mhimili wa mashine yake huzunguka, iliingia nusu ikakwama. Nikaitoa, nikaipitisha tupa kidogo, nikairudisha kwa nyundo na kipande cha ubao. Safari hii iliingia yote, ila upande wa nje ikawa yacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Mama akawasha mashine yake ya kukunia nazi. Ilipiga kelele hadi watu wa duka la pili wakatoka kuangalia. "Mwanangu," akaniambia, "jana ilikuwa yaumwa tu. Leo umeniulia."

Niliirudisha nyumbani Mtopanga, hapa Mombasa, kichwa chini. Nilipoipima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene, upande mmoja ulikuwa milimita 28.01, upande wa pili 28.06. Tofauti ya unywele mmoja, kwenye bushi yenye urefu wa kidole. Kwa seremala si kitu. Kwa bushi ni msiba.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Kazi yangu ni makaratasi ya kutolea mizigo bandarini, na chuma ni mapenzi ya jioni na Jumapili. Mashine yangu ya kukereza, ile inayozungusha chuma kisu kikakichonga, niliipata Shimanzi, kwenye yadi ya vyuma chakavu, mwaka 2021. Waliniuzia kwa kilo, kama chuma cha kuyeyushwa, na kwa kweli ilivyokuwa na kutu hata mimi nilisita. Bahati yangu niliwahi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na hadi ilipofunguliwa tena mwezi Mei hapakuwa na yadi ya kuchakura hata bolti. Tangu hapo nikinunua chuma naomba risiti, hata kiwe kipande cha kiganja.

Mota yake ilikuwa ya fezi tatu, na nyumbani nina fezi moja ya volti 240 kama watu wengine. Nikaing'oa nikaweka mota ya fezi moja, nguvu ya farasi mmoja, yenye kapasita ya kuiwashia. Hapo sina hadithi ndefu, ila usiguse kapasita kwa kuwa tu umezima swichi. Huhifadhi umeme, na mimi nilirushwa mkono hadi ukutani.

Kutu ndiyo iliyonifundisha adabu. Mombasa huna haja ya kumwagia chuma maji ili kishike kutu. Kiache wazi usiku mmoja karibu na bahari, asubuhi kina rangi ya chai. Chaki, yaani kibanio kinachoshika chuma kinapozunguka, na taya zake zilikuwa zimeshikana kabisa. Nilisugua kwa brashi ya waya siku mbili, kisha nikakumbuka njia ya umeme na magadi. Yale yale magadi ya kulainishia maharagwe, yatokayo Ziwa Magadi. Beseni la plastiki, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita nne za maji, na chaja ya betri ya gari ya volti 12. Waya hasi kwenye kitu chenye kutu, waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa, na viwili hivyo visigusane. Baada ya saa chache povu limejaa, kutu imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi ya viatu, na chuma chenyewe hakijaliwa. Nilifanya uani, si ndani ya banda, kwa sababu ile povu ina haidrojeni na haidrojeni hulipuka. Na upande wa chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, kama vijiko na sufuria za kung'aa: kina kromu, na maji yake huwa sumu.

Kila kitu kilikwenda vizuri isipokuwa mamangu alipotaka kupika maharagwe Ijumaa.

Tangu siku hiyo naifunika mashine kwa kanga kuukuu, si kwa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu ndani. Chini ya kanga, mbali na kitambaa, nimefungia kwenye kikapu cha waya balbu ya zamani ya wati 40, ile inayopata moto. Joto lake dogo latosha umande usitue kwenye chuma. Oili ninayopaka ni mpya. Ile iliyotolewa kwenye gari wengi huisifu kwa kuwa ni ya bure, lakini ina asidi ndani yake, na mimi nimeona inavyoacha madoa.

Basi mashine ilikuwa safi, inazunguka bila kelele, na bado ilikuwa inakereza chuma chenye upande mnene na upande mwembamba. Miezi minne nilitafuta mchawi. Nilinoa kisu upya. Nilibadilisha beringi. Nikafika mahali nikashika spana nikitaka kulegeza bolti za kichwa cha mashine, upande wenye chaki, nikipinde kidogo. Nashukuru siku hiyo umeme ulikatika.

Jumapili iliyofuata alinipitia mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana za meli. Nilimwonyesha bushi. Hakuiangalia sana. Alichuchumaa akaangalia miguu ya mashine, halafu meza.

"Ami, nafikiri kichwa kimekaa upande," nikamwambia.

"Kichwa kiwache. Mato yako yaangalia juu, na tabu i chini."

Akaniagiza nilegeze bolti nne zilizoishikilia mashine mezani. Nilipolegeza ile ya mbele upande wa mkia, yaani mwisho ulio mbali na chaki, mguu ule ukajiinua wenyewe. Mzee akachukua fila geji, mabapa membamba ya kupimia nafasi, bapa la milimita 0.30 likapita chini yake bila kusukumwa. Yaani nilipokaza bolti siku ya kwanza, kwa nguvu zangu zote na kwa furaha ya kumiliki mashine, niliuvuta mguu mmoja chini na kuusokota mwili mzima wa mashine. Nami nilikuwa naamini chuma kizito namna ile hakiwezi kupinda kwa bolti za mezani. Hupinda. Kupinda kwenyewe hakuonekani kwa jicho, lakini kisu kinajua.

Alinifundisha namna ya kuipima, na hii ndiyo nataka mwenye mashine kama yangu aishike. Chukua chuma cha mviringo, mimi nilitumia cha milimita 32. Kibane kwenye chaki kitokeze kama milimita 170, bila kukiegemeza kwenye mkia wa mashine; ukikiegemeza unapima mkia, hupimi kitanda, yaani mwili mrefu wa mashine. Kipunguze katikati, uache pete mbili nene, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni. Kisha kwa kisu kikali pitisha mkato mwembamba sana kwenye pete zote mbili kwa mwendo mmoja, bila kugusa gurudumu la kusogezea kisu mbele. Pima pete zote mbili kwa maikromita. Zangu zilikuwa na umbali wa milimita 130, na ya mwisho iliizidi ya karibu na chaki kwa milimita 0.09.

Pete ya mwisho ikiwa nene, maana yake huko mwisho kisu kinakikimbia chuma, kitanda kimelala kuelekea kwako. Dawa ni kuinua mguu wa mbele upande wa mkia. Ikiwa nyembamba, inua wa nyuma. Kitu cha kuinulia tulikipata kwenye pipa la taka: kopo la soda la aluminiamu, ambalo ukuta wake una unene wa kama milimita 0.1. Tukakata vipande kwa mkasi, tukaondoa makali yake. Viwili, tukakaza, tukakereza, tukapima: 0.04. Tukaongeza cha tatu: 0.01. Mzee akaomba maji ya kunywa, akaaga.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Masika ya mwaka uliofuata, wiki ya pili ya mvua, nikapima tu kwa kuchezea na nikakuta 0.06. Sikuwa nimegusa bolti. Nilizunguka banda zima nikitafuta sababu, kumbe nilikuwa nimeiegemea: meza. Ilikuwa ya mbao, nzito, ya marehemu babu, nami nikijivunia. Lakini mbao hunywa unyevu ikavimba, na kaskazi ikija na jua lake ikanywea, na kila ikisogea inaivuta mashine. Meza ile sasa iko sebuleni na inapendeza. Mashine inakaa juu ya fremu ya vyuma vya pembe (angle) vya milimita 50 kwa 50 iliyochomelewa na jamaa mmoja wa Kisauni, na bati la juu lina unene wa milimita 12. Bati lenyewe lilipinda kidogo kwa moto wa kuchomelea, kwa hiyo makopo ya soda yalirudi kazini. Ila tangu siku ile nimepima wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na tofauti haijavuka 0.01.

Jambo jingine, ingawa si la vipimo. Ijumaa moja nilitoka msikitini, kanzu bado mwilini, nikasema nijaribu mkato mmoja tu kabla ya chakula. Mkono ulikuwa tayari uko kwenye swichi mama alipoita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utotoni. Chaki inayozunguka ikishika mkono wa kanzu haiachi, itavuta nguo na mtu wake. Sasa kuna msumari mlangoni wa kutundikia kanzu, na mama huuangalia kabla ya kuniangalia mimi.

Bushi ya Mama wa nazi niliikereza upya Jumamosi moja asubuhi, 28.03 upande huu na 28.03 upande huu. Niliipeleka mwenyewe, nikaiingiza kwa kuibana taratibu kwenye jiliwa. Aliwasha mashine, akasimama kuisikiliza, akaizima, akaiwasha tena. Akanipa nazi sita. Akasema na puli nayo imechoka, nije niichukue, ila nyundo niiwache nyumbani.