Kitulo panda na mvua zake

Kila niliyemwambia nakwenda Kitulo, uwanda wa maua ulio juu milimani kusini mwa Tanzania, mwezi wa pili alinikataza. Mjomba wangu wa Mbeya ndiye aliyeshikilia zaidi: "Subiri kiangazi, mwanangu, huko sasa hivi ni tope tupu." Ushauri huo unamfaa anayefuata tembo Ruaha. Kitulo unafuata maua, na maua yanataka mvua. Yanashamiri kuanzia Desemba hadi Aprili. Ukipanda Julai unakuta nyasi kavu na baridi kali. Inaniudhi watu wanavyorudia neno hilo bila kuuliza mtu anakwenda kuona nini.

Nilipandia gari Chimala kwenda Matamba, kijiji cha kuingilia Kitulo, kwa njia ile wenyewe wanayoiita Hamsini na Saba kwa wingi wa kona zake. Nauli ni elfu chache. Kaa dirishani, uone tambarare ya Usangu yote ilivyotandazwa huko chini.

Sasa viatu. Niliambiwa ninunue buti za kupandia milima, za laki na ushee. Nikaenda sokoni nikachukua gambuti za wakulima, bei haifiki robo ya hiyo, saizi moja juu ya mguu wangu, ndani soksi mbili nzito. Uwanda ule uko mita kama 2,600 juu ya bahari, na masika unajaa maji: unakanyaga tope, unavuka kijito, unaingia nyasi zenye umande hadi magotini. Wenzangu wenye buti za bei mbaya waliruka jiwe hadi jiwe wakitafuta pakavu, macho yote chini. Mimi nilipita katikati ya maji huku natazama maua. Gambuti huteleza kwenye mwamba, kwa hiyo beba fimbo.

Tuliondoka alfajiri, maana mvua hupenda kuja mchana. Kwa mbali unaona manjano na meupe tu. Muongozaji akaniambia, "Dada, chuchumaa." Nikachuchumaa, na pale pale kwenye majani nikaona okidi ya rangi ya waridi: bua moja, maua madogo yamebanana kulizunguka, na kila ua lina vimkia viwili nyuma, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kitulo kuna aina kama 45 za okidi, na nyingi hutaziona ukiwa umesimama. Viazi vya baadhi yake huchimbwa kwa magendo na kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha viazi hivyo vilivyosagwa pamoja na karanga, na uchimbaji huo ni sababu mojawapo ya eneo hili kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Usitoke kwenye njia, na usichume hata moja.

Saa nne hivi mawingu yalipasuka, milima ikajitokeza safu kwa safu, na mlima Mtorwi wenye mita 2,961 ukaonekana wote. Mvua ilipoanza tulikuwa tumeshageuza.

Kiangazi mkiweke kwa safari nyingine: kutembea kutoka Kitulo, kuvuka milima ya Livingstone na kuteremka hadi Matema, Ziwa Nyasa. Mteremko ule ni mkali, na huo ndio unaotaka njia kavu.