Vidato 785 na Goti Bovu: Nilivyopanda Konpira

Marehemu baba yangu alikuwa baharia, na kila alipokuwa safarini mama hakupata usingizi; ndiyo maana, nilipopata nafasi ya kufika kisiwa cha Shikoku nchini Japani, sikutaka kurudi bila kuliona hekalu la Kishinto la Kotohira-gu, ambalo wenyeji huliita Konpira-san na ambalo mabaharia na wasafiri wa nchi hiyo wameliendea kwa karne nyingi. Tatizo lilikuwa goti langu la kulia, kwa sababu hekalu limejengwa ubavuni mwa mlima Zozu, na jumba lake kuu hufikiwa kwa vidato 785 vya mawe.

Nilitoka Okayama asubuhi kwa treni inayovuka daraja la Seto, nikaazima mkongojo wa mwanzi katika duka moja chini ya mlima, nikajipangia kupumzika kila baada ya vidato hamsini. Nilipolipita lango kubwa niliwakuta wauza peremende chini ya miavuli mitano mikubwa meupe. Peremende zenyewe ni za manjano, zina umbo la upepeo na harufu ya ndimu ya yuzu, nazo huuzwa pamoja na kinyundo kidogo cha kuzivunjia. Vipande vyake ndivyo vilivyonipa nguvu ya kuendelea.

Njiani ipo sanamu ya mbwa. Zamani, mtu asiyeweza kusafiri alimtuma mbwa wake akiwa na mkoba shingoni wenye sadaka na fedha za chakula, na wasafiri wengine wakamtunza hadi afike. Kwa hali ya goti langu, nilimwelewa sana aliyebaki nyumbani.

Kwenye kidato cha 628 niliona jumba refu la mbao lenye nakshi nyingi, nikadhani nimefika, nikaanza kupiga picha kwa furaha. Kumbe lilikuwa Asahi-sha, lililokamilika mwaka 1837, na ngazi iliyo kali kuliko zote ilikuwa bado mbele.

Juu sikusali, kwa kuwa dini yangu ni nyingine, ila nilivua kofia na kusimama kimya. Kisha nikaenda kwenye ukumbi wa picha za nadhiri, ambako nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nikitazama meli moja baada ya nyingine zilizotundikwa na watu waliotaka warudi salama. Kuteremka nilishuka kiubavuubavu, mkongojo ukitangulia.