Wimbo wetu mpya umefika Jaws Corner

Wiki moja tangu tuutoe wimbo wetu mpya, na moyo bado haujatulia. Sisi ni watatu tu: gitaa, besi na ngoma. Tunapiga roki, na tumejilipia wenyewe kurekodi.

Vijana wenzetu wameusifu. Mwandishi mmoja wa muziki kasema sauti ya mwimbaji imezama chini ya gitaa, maneno hayashikiki. Nimeusikiliza tena usiku, na ni kweli.

Lakini yaliyonikaa ni maneno ya ami yangu, aliyepiga fidla miaka mingi kwenye kidumbaki, muziki wa harusini wa hapa Zanzibar. Juzi baada ya laasiri nilimkuta Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, na kahawa yake. Nikamwamkia, nikampa simu. Akausikiliza wote mpaka kikombe kikapoa.

"Mwanangu, besi yenu inasema kama sanduku. Huyo kijana kajifunza wapi?"

Sanduku, kwa asiyelijua, ndilo besi la kidumbaki: kasha la chai, fimbo na uzi mmoja. Mpigaji besi wetu kakulia mitaa ya Ng'ambo, hapa hapa mjini, kalisikia harusini tangu mtoto. Hakuna mchambuzi mwengine aliyeligundua hilo! Nilitaka kulia, maana tunaambiwa kila siku kuwa roki si yetu.

Halafu ami akaongeza kuwa kiitikio tunakirudia mno, utamu unakwisha. Nimekubali. Jukwaani tutakikata, na sauti tunaichanganya upya.

Ijumaa anakuja mazoezini, na fidla yake.