Ninavyoufuatilia ukoo wa al-Harthi kutoka Tanga na Pangani

Mtu akinijia hapa Tanga akasema, "Sisi ni akina Harthi, asili yetu Oman," sianzi na Oman. Namuuliza baba yake ni bin nani, na huyo naye bin nani, mpaka majina yakatike. Jina la ukoo ndilo watu wanalolishika kwa nguvu zote, na ndilo linalosaidia kidogo kuliko mengine yote katika kazi hii.

Al-Harthi ni nisba, yaani jina la mwisho linalomhusisha mtu na kabila, mji au babu. Hili linarudi kwa Harith, jina la kiume la tangu kabla ya Uislamu, ambalo mzizi wake unahusu kulima. Sasa, Waarabu walioitwa Harith walikuwa wengi, na kila mmoja angeweza kuacha ukoo. Kuna Bani al-Harith wa upande wa Taif, Saudia. Kuna Bani al-Harith wa Yemen, kaskazini mwa Sana'a. Na kuna al-Hirth wa Sharqiya, Oman, ambao Ibra ndio mji wao. Wa pwani yetu kwa kawaida ni hao wa Oman. Walikuwa na nguvu Unguja kabla Seyyid Said, sultani wa Oman, hajahamia huko, na mwaka 1859 wakubwa wao walimuunga mkono Barghash dhidi ya nduguye Majid. Huku Mrima, yaani pwani ya bara, anayejulikana zaidi ni Abushiri bin Salim al-Harthi wa Pangani, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888 na kunyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ndiyo maana Harthi wengi wa mkoa huu wangependa kuwa vitukuu vyake. Dai hilo huliweka pembeni mpaka karatasi ziseme.

Kazi ya kwanza ni kukusanya mlolongo wa majina kwa mdomo. Nawaendea wazee, hasa bibi na mashangazi, kwa sababu wao hukumbuka nani alimwoa nani. Baada ya shikamoo na mazungumzo, sisemi "nipe historia ya ukoo". Swali hilo huleta hadithi za majahazi. Nauliza kidogo kidogo: "Shangazi, mzee Said alikuwa mtoto wa nani? Mama yake alitoka wapi? Shamba lao lilikuwa upande gani wa mto?" Natafuta angalau majina matano. Ukikadiria miaka 25 hadi 30 kwa kila kizazi, majina matano yanakufikisha karne ya 19, na huko ndiko maandishi ya Kiarabu yanakoanza kusaidia.

Hapa ndipo wengi hukwama. Watu wetu humpa mtoto jina la babu yake, kwa hiyo ukoo mmoja unakuwa Salim bin Said bin Salim bin Said. Ukiandika majina matupu, utamgeuza babu na mjukuu kuwa mtu mmoja na kupoteza vizazi viwili bila kujua. Kila mtu nampa mstari wake daftarini: jina na la baba, jina la mama, mke au wake, shamba au mtaa, na lakabu, yaani jina la utani, kama anayo. Lakabu ni ya thamani kubwa.

Vitambulisho vya leo havisaidii sana. Fomu zetu zina nafasi ya majina matatu, na familia nyingi zimejaza jina la mtu, la baba na la babu, nisba ikabaki nje. Salim Said Salim anaweza kuwa Harthi, Mauli au Shirazi. Kinachofaa zaidi ni hati za mashamba, hati za rehani na wakfu, vyeti vya ndoa vya zamani na karatasi za mirathi. Mirathi ndiyo bora kuliko zote, maana hakimu au kadhi alilazimika kutaja warithi wote kwa majina na uhusiano wao na marehemu.

Katika kutafuta, siandiki Harthi peke yake. Naandika pia Harthy, Elharthi, Harithi, Harisi na Harti, kwa kuwa makarani waliisikia *th* kila mmoja kwa sikio lake. Natafuta na Barwani, kwa sababu al-Barwani ni tawi la al-Hirth. Baba anaweza kuwa Barwani kwenye hati moja na Harthi kwenye nyingine, na zote mbili zikawa sahihi. Kwa hati ya Kiarabu iliyochakaa, angalia alifu, ile herufi ya mstari wima. الحارثي, yaani al-Harthi, ina alifu baada ya ح, lakini الحربي, yaani al-Harbi, haina. Nukta tatu za ث zikifutika, hiyo alifu ndiyo inayokuzuia usiupeleke ukoo mzima kwa kabila la Harb la Hijazi.

Mafaili ya Kijerumani yako kwenye nyaraka za taifa Dar es Salaam, na namba zake huanza na herufi G. Nenda na barua ya utambulisho. Ujue pia kwamba Mjerumani aliandika *sch* mahali pa *sh*: Abushiri ni Buschiri huko. Mwandiko wao wa mkono ni mgumu hata kwa anayejua Kijerumani. Kwa hati za Kiarabu za mashamba na rehani, nyaraka za Kilimani, Unguja, ni tajiri zaidi.

Makaburi nayapa muda mfupi. Waomani hawa walikuwa Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu yenye wafuasi wengi Oman, na Waibadhi hawapendi kujengea kaburi wala kuliandika, hivyo ukimya wa jiwe hauthibitishi kitu. Ukipata maandishi, chunga tarakimu: ٥ ni tano ingawa inafanana na sifuri yetu, sifuri yao ni nukta tu na hufutika kwanza, na ٦ ni sita ingawa macho yanasema saba. Kugeuza mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1307 unakupa karibu 1890. Kwa hakika ulianza Agosti 1889. Makadirio haya hupotoka kwa mwaka mmoja hivi, basi usiyatumie kukanusha tarehe iliyoandikwa.

Lipo jambo linaloudhi watu: nisba si ushahidi wa damu. Pwani hii watumwa walioachwa huru na watoto wao walichukua mara nyingi nisba ya bwana wao, na sheria ya Kiislamu yenyewe ina uhusiano wa walaa kati ya aliyeacha huru na aliyeachwa huru. Dalili zake ni mlolongo unaokatika baada ya jina moja au mawili, "bin Abdallah" mwishoni pasipo Abdallah anayejulikana, majina kama Mabruki na Feruzi, na katika hati neno عتيق (aliyeachwa huru) au خادم (mtumishi) mahali ambapo ungetegemea "bin". Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, kwa hiyo maneno hayo yanaweza kutokea hata kwenye karatasi za karne ya 20. Sifichi na sitangazi. Naandika hati inavyosema, kisha nazungumza kwanza na mkubwa wa familia, peke yake.

Oman inakuja mwisho. Huko jina la kabila ni sehemu ya jina rasmi, na mwanamke huandikwa al-Harthiya. Bibi aliyeandikwa Harthi Tanga, kule mtafute kwa umbo hilo la kike. Napeleka ukurasa mmoja tu: mlolongo kwa herufi za Kiarabu, tawi, na kijiji kama kinajulikana. "Ibra" haitoshi. Mji huo una pande mbili za kale, Sufala ambako al-Hirth ndio wenyeji na Alaya iliyo ya al-Maskari, na anayepokea barua atauliza hilo kabla ya lolote. Jibu likirudi na jina la nne tofauti na lile la shangazi wa Pangani, sichagui. Nayaandika yote mawili, na pembeni ya kila moja naweka aliyelisema na tarehe aliyolisema.