Nilivyoujua moyo kwa kutazama mapezi

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoanza kuzima jeni za moyo katika samaki pundamilia ulikuwa huu: "Ukiona mfuko wa moyo umejaa maji, jua umepata." Niliambiwa na watu watatu kwa nyakati tofauti, wote wakiwa na uhakika wa mganga. Ushauri huo ulinila wiki sita.

Jeni yangu ilikuwa tbx5a. Samaki hawa hutaga taa zikiwaka asubuhi, na yai likisharutubishwa una kama dakika 45 kabla seli ya kwanza haijagawanyika. Ndani ya muda huo nilidunga mkasi wa jeni, CRISPR, tone la nanolita 1 hivi. Mengine ni ya kawaida.

Baada ya saa 48 nikachungulia hadubini. Loo! Thelathini na kitu kati ya arobaini wamevimba kifua kama puto. Nilipiga picha, nikamtumia msimamizi wangu usiku uleule, na kichwa cha habari kabisa: "Tbx5a yadhibiti moyo!" Utadhani dunia ilikuwa ikinisubiri mimi niitangaze.

Jibu lake lilikuwa maneno manne: "Wa kulinganisha wako vipi?"

Sikuwa nimewatazama hao, wale waliodungwa kwa sindano ileile bila mkasi wa jeni. Sahani yao ilikuwa ingali kwenye kabati la joto, nyuzi 28.5, imesahaulika. Asubuhi nikaifungua, na karibu nusu yao nao wamevimba, tena hao hawakukatwa jeni yoyote. Kosa lilikuwa ncha ya sindano. Niliivunja kwa kibano ikawa pana mno, nikawa namwaga mafuriko nikidhani natia tone. Kiinitete ukikijeruhi, ukikipa sumu au joto la kupita kiasi, moyo hulegea na maji hujikusanya. Uvimbe ulikuwa unaniambia tu kwamba samaki anaumwa. Anaumwa nini, hausemi.

Tangu siku hiyo napima tone ndani ya mafuta, juu ya kioo chenye vipimo, kabla sijagusa yai hata moja. Gharama yake ni kioo kimoja na aibu kidogo. Na dawa ya PTU itieni mapema, kabla ya siku ya kwanza kwisha, la sivyo rangi nyeusi ya ngozi itawafichia moyo. Mimi nilisahau mara mbili.

Hata hivyo tatizo lilibaki: CRISPR haikati sawasawa. Samaki mmoja hukatwa seli nyingi, mwenzake chache. Nitamjuaje aliyekatwa kweli bila kumtazama huohuo moyo ninaotaka kuupima? Hapa nitajisifu, mniwie radhi.

Nilikuwa nasoma kuhusu ugonjwa wa Holt-Oram. Mtu akizaliwa na nakala moja mbovu ya TBX5, yaani jeni hiyohiyo kwa binadamu, huweza kuwa na hitilafu ya moyo pamoja na kasoro za mkono, hasa kidole gumba. Moyo na mkono, jeni moja! Na mkono wa samaki ni pezi la kifuani. Wale samaki walioelezwa mwaka 2002 kwa jina la heartstrings, wenye jeni hii iliyoharibika, hawaoti mapezi hayo kabisa. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu wiki zote hizo, nami nimekodolea puto.

Basi siku ya tatu niliwatazama kwa juu, mgongo ukinielekea. Mapezi huonekana kama vipepeo viwili ubavuni, hata kwa hadubini ya bei poa. Nikawagawa: wenye mawili, wenye moja (wapo, na wanachekesha wakiogelea), wasio na kitu. Kisha nikamwomba jirani wa meza aziandike sahani herufi na anifiche ipi ni ya kundi gani, ndipo nikaangalia mioyo.

Nilitarajia wasio na mapezi wakose moyo. Nzi wa matunda akikosa jeni ya tinman hana moyo kabisa, nami nikadhani mambo ni hivyo kote. Kumbe kwa wenye uti wa mgongo kazi imegawanywa: protini za Tbx5, Nkx2-5 na Gata4 hushikana pamoja juu ya DNA, na ukimwondoa mmoja, moyo huanza vizuri kisha hupotoka. Mioyo yao ilikuwepo na ilidunda, ila pole pole. Haikujikunja. Vyumba vyake, atria na ventrikali, vilivutwa kwenye mstari mmoja, vyembamba. Wenye mapezi mawili, hata waliovimba, moyo wao ulikuwa umejikunja safi.

Bahati nzuri samaki huyu mchanga hupata oksijeni kupitia ngozi, hivyo huishi siku kadhaa hata damu isipozunguka. Kiinitete cha panya kingekwishakufa.

Video ninayo kwenye simu, niliichukua kupitia jicho la hadubini. Nilimwonyesha mama kwa fahari. Akaitazama kwa makini, akaniuliza mnyoo huo nimeutoa kwa nani.