Mafuriko Kigogo: tulivyohakikisha kiziwi na mwenye kiti mwendo hawaachwi ndani

Natumia kiti mwendo na naishi Kigogo, huku bondeni ambako mto Msimbazi ukifura, maji yanaingia ndani hujapata hata pa kuweka godoro. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar es Salaam, na tangu hapo tumepewa ushauri wa kila aina.

Ulioniudhi kuliko wote ulitoka kwa mtaalamu mmoja aliyetuletea kipaza sauti cha mkononi. Akasema mvua ikizidi, mjumbe apite akitangaza, basi. Tulikijaribu usiku wa masika, mvua inamwagika kwelikweli. Chini ya bati, mimi ninayesikia vizuri sikuambulia hata neno moja. Jirani yangu mama Zuhura, ambaye ni kiziwi, alilala mpaka kulipokucha. Asubuhi akamwuliza mjumbe kwa ishara, binti yake akitafsiri: "Mlikuwa mnamtangazia nani?" Mjumbe hakuwa na jibu.

Kilichotufungua macho ni kuzungumza na wenzetu wa Gaibandha, Bangladesh, kwa simu ya video. Kule mto Brahmaputra unawafurikia mara kwa mara kuliko sisi, na watu wenye ulemavu wanakaa ndani ya kamati za maafa, wanaamua. Walituuliza swali moja tu: saa nane usiku, nani anakuja mlangoni kwako? Kila mtu kwetu akajibu "majirani". Wakasema hapana, taja jina. Kimya.

Wajapani nao wamelipia somo hilo kwa maisha ya watu. Kwenye tsunami ya Machi 2011, vifo vya watu wenye ulemavu vilikuwa takriban mara mbili ya vya watu wengine kwa kiwango, na mwaka 2021 sheria yao ikazitaka manispaa zijitahidi kuandaa mpango wa kuhama wa mtu mmoja mmoja. Sisi tulichukua daftari la shule, tukaandika kila mlango na majina mawili ya wanaokuja. Mawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa safarini.

Sasa, mama Zuhura ataamshwaje na mlango umefungwa kwa ndani? Vijana walipendekeza kamba ifungwe mguuni mwake, akakataa katakata, na alikuwa na haki: nani alale amefungwa kama mbuzi? Ni yeye mwenyewe aliyepata dawa. Kamba ya manila inatoka chumba cha jirani, inapita kwenye tundu la hewa juu ya ukuta na kuishia kwenye pembe ya chandarua chake. Ukivuta mara tatu, chandarua chote kinamtikisikia usoni. Fundo liwe la kufyatuka, kamba isije ikamning'inia shingoni, na anayevuta amulike tochi dirishani ili mtu akiamka aone ni nani. Gharama yake ni elfu chache tu. Tulijaribu akiwa usingizini kabisa, akatoka na begi lake la nyaraka mkononi.

Mimi kiti mwendo changu hakifai kwenye tope. Magurudumu ya mbele yanazama. Nimepangiwa kijana wa guta anayeishi kule juu. Analaza ubao, napandishwa na kiti changu. Usikubali mtu akubebe mgongoni na kiti kikaachwa: ukifika salama bila kiti umeshakuwa mzigo wa watu hapo ulipofikia.

Mwenyekiti wa mtaa mwanzoni alisema kamati imeshajaa. Nikamweleza kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 11 inahusu hatari na maafa waziwazi. Leo tuko wawili kwenye kamati, mama Zuhura na mimi, na binti yake anatafsiri vikao vyote. Kazi hiyo analipwa nauli na chakula, na nitapigania alipwe zaidi.

Bado mlango wa choo cha mahali tunapokimbilia ni mwembamba, kiti hakipiti. Fundi ameshapima, tunachangishana. Gaibandha wameomba picha za lile fundo la chandarua, nimewatumia. Wao wananitafutia vipimo vya rampu ya mashua yao ya uokoaji, tuone kama guta letu linaweza kuwekewa ya namna hiyo kabla ya vuli.